Wahindi waliofukuzwa Uganda: Uganda bado ni kwao au walishahama mazima?

Wakuu habari. Kila Agosti ikikaribia mjadala wa Amin na Wahindi unafufuka na kila mara unaishia palepale, hawa wanasema alikuwa shujaa aliyewarudishia Waafrika uchumi wao, wale wanasema ndo aliyeiua nchi, watu wanatukanana wanaenda kulala. Mimi leo nataka tuwaangalie wenyewe waliofukuzwa, maana ukiwasikiliza hawaeleweki, mtu anakusimulia Uganda kama pepo kabisa halafu hapohapo anakwambia hata ukimpa shamba la bure harudi.

Kwa waliozaliwa juzi: tarehe 4 Agosti 1972 Amin akiwa kambi ya jeshi Tororo alitangaza Waasia waondoke, akadai Mungu kamwotesha ndotoni, muda siku 90. Familia iliruhusiwa kutoka na kama paundi 50 hivi na mizigo kidogo, na hicho kidogo nacho kilikuwa na wenyewe, barabara ya Entebbe ilijaa vizuizi vya askari, saa na bangili za akina mama zikaishia hapo. Karibu 28,000 wakaingia Uingereza, maelfu wengine Canada, India na kwingineko. Na Uingereza hawakupokelewa kwa vigelegele, halmashauri ya Leicester ililipia kabisa tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwaambia wasije, mji umejaa. (Wakaenda Leicester hivyohivyo, nendeni mkauone leo.)

Sasa wanaomtetea Amin wana hoja na tusijifanye hatuioni. Pamba analima Mwafrika, viwanda vya kuichambua viko kwa Wazungu na Wahindi, na mkoloni ndo aliyeupanga mchezo huo makusudi. Fujo za Buganda za 1949 zilikuwa na kilio hicho ndani yake, na 1959 watu wakasusia maduka ya Wahindi. Hata Obote kabla ya Amin alishaanza kuwabana kwa sheria ya leseni za biashara ya 1969. Kwa hiyo Amin hasira aliikuta, hakuileta yeye. Na kuna kitu wazee wa Kihindi wa London hawapendi kukigusa, kwamba hiyo pepo yao ilikuwa na boi jikoni na yaya kibarazani, na Mwafrika wa kukaa naye meza moja ungemtafuta kwa tochi. Wanakumbuka vilima vya Kampala, hewa, muhogo na matoke, na Kigujarati chao mpaka leo kina sufuria, fagio na kisu ndani, lakini muulize jina kamili la aliyempikia miaka yote hiyo uone atakavyobadilisha mada.

Ila hapa ndo naachana na timu Amin. Waliofukuzwa hawakuwa wageni wote jamani! Baada ya uhuru wa 1962 walipewa muda wa kuchagua, ubaki na Mwingereza au uchukue uraia wa Uganda, na maelfu wakachagua Uganda. Amin akasema hata raia waondoke, siku chache baadaye kageuka, raia wabaki ila wapange foleni wahakikiwe, na kwenye foleni zile ndo karatasi zikawa zinakataliwa kwa visababu, eti ulichelewa kuukana uraia wa Uingereza, miezi mitatu ilikupita, basi mtu anaingia ofisini raia anatoka hana nchi yoyote duniani. Uingereza nayo inasema huyu si wetu. Hao ndo Umoja wa Mataifa ukawabeba kuwapeleka kwenye kambi za Austria, Italia, Malta na Uhispania. Yaani aliyeacha mguu mmoja nje alipata pa kwenda, aliyeiamini Uganda kwa miguu yote miwili akaangukia kambini.

Mtaniambia mali si zilirudishwa. Ni kweli, maduka yaligawiwa wanajeshi na washkaji zao, wale walioitwa mafuta mingi, bidhaa zikaisha rafu zikabaki tupu na sukari ikawa ya magendo, mpaka ikatungwa sheria ya kurudisha mali ya 1982 na Museveni akaja kuisimamia na kuwaalika warudi. Familia ya Madhvani ikarudi kwenye sukari yao ya Kakira, ya Mehta kwenye sukari yao ya Lugazi, mfanyabiashara Sudhir Ruparelia aliyeondoka kijana akarudi akawa tajiri mkubwa. Ila sheria hiyo ilimfaa mwenye hati ya jumba. Fundi cherehani, karani, mwalimu, mwenye kaduka ka kupanga, huyo angefuata nini?

Na hofu ipo, sio ya kubuni. Aprili 2007 serikali ilitaka kuipa kampuni ya sukari ya Mehta kipande cha msitu wa Mabira, maandamano Kampala yakageuka na Mhindi aliyekuwa anapita zake akapigwa mawe mpaka akafa. Miaka 35 baada ya lile tangazo la Amin!

Sisi Watanzania nasi tusijione malaika. Nyerere alimkemea Amin waziwazi kuwa huo ni ubaguzi, sawa, lakini 1971 tulitaifisha majumba na Wahindi wengi wakaondoka kimyakimya, na Zanzibar 1964 mnajua wenyewe.

Kinachonichekesha ni hili. Zohran Mamdani, kazaliwa Kampala 1991, baba yake alifukuzwa 1972 akaja kufundisha Chuo Kikuu cha Dar kabla ya kurudi Makerere, kashinda umeya wa New York 2025, Waganda mitandaoni wanasema mtoto wetu huyo. Haya, fungua Katiba ya Uganda ya 1995, uraia wa kuzaliwa unaanza na jamii zilizokuwepo tarehe 1 Februari 1926 na zimeorodheshwa, Wahindi hawamo. Mwenyeji New York, ila Kampala jamii yake haimo kwenye orodha.

Msimamo wangu: waliofutiwa uraia kwenye zile foleni warudishiwe, wao na watoto wao, bila kuomba wala kulipia, hata kama hawana mpango wa kurudi. Mnaopinga njooni, ila mnijibu kwanza hili moja, yule aliyeikana Uingereza 1963 kwa ajili ya Uganda kosa lake lilikuwa lipi?