Ukoo wa Marangu (kikundi cha familia)

Upendo 18:52
Habari za jioni wanafamilia. Alhamisi Mama anatakiwa hospitali Moshi saa mbili asubuhi. Goti la kulia limevimba tena, jana hakutoka hata kuangalia mbuzi. Nataka vitu viwili, gari na hela ya picha. Kila mtu aseme anatoa nini.

Upendo 19:10
Naona mnasoma tu.

Neema 19:24
Shikamoo shangazi. Natuma leo leo. Goti kama hilo huku kijijini Allgäu, Ujerumani, wangelifunga majani ya kabichi 😅 Jani linapondwa kwa chupa mpaka litoe maji, linafungwa na kitambaa, mtu analala nalo.

Godi 19:25
Chumvi na pilipili hawaweki?

Neema 19:29
Wewe cheka. Nilivyopata homa, mama mwenye nyumba alinizungushia vitambaa vya maji kwenye vigimbi. Sikio likiuma ni kitunguu, kinakatwakatwa, kinapashwa moto, kinatiwa kwenye kifuko unakiegemeza sikioni. Nilipanda basi la kazini nanuka kachumbari.

Godi 19:30
Wazungu wakijipaka kachumbari ni tiba, mimi nikichemsha mwarobaini naambiwa nitaua watu

Mama Kelvin 19:41
😂😂

Upendo 19:42
TUSITOKE KWENYE MADA. Gari.

Neema 19:50
Na kuna mafuta ya mnyama wa milimani, wanamwita Murmeltier. Kama pimbi ila mkubwa, baridi yote analala shimoni. Wazee ninaowahudumia wanajipaka kwenye viungo, yanauzwa hadi maduka ya dawa. Naweza kuja nayo Desemba.

Godi 19:51
Pimbi wa huku juu waambiwe wahame mapema

Upendo 19:53
Neema lete makopo mawili, moja langu. Haya, GARI.

Junior 20:15
Dada Neema ile ya kutembea kwenye maji baridi ni kweli?

Neema 20:22
Kweli kabisa. Kuna kidimbwi chake, maji hayafiki gotini, unazunguka unainua mguu mmoja mmoja kama korongo. Ni mambo ya padri Sebastian Kneipp wa Bad Wörishofen, alizaliwa 1821. Aliumwa mapafu akiwa kijana, akawa anajitosa mto Danube kwenye baridi ile. Alipopona akaanza kutibu wenzake. 2015 Wajerumani wakaiingiza kwenye orodha ya urithi wao wa utamaduni.

Godi 20:23
Bibi apelekwe kwenye mfereji wa mfongo basi, hela ya picha tunywe mbege

Frank 21:05
Kwa hiyo maji ya padri wa Kijerumani ni utamaduni. Kikombe cha dawa cha mchungaji wetu kule Loliondo mlisema ushamba.

Upendo 21:06
Frank usianze.

Frank 21:07
Sijaanza. Nauliza tu, 2011 ni nani humu hakuniomba siti kwenye Noah?

Mama Kelvin 21:09
Siti tuliomba na mafuta tulichanga shemeji. Chenji mpaka leo hatujaiona.

Frank 21:12
Springi ilikatika tumeshapita Mto wa Mbu! Foleni ya Samunge mmeisahau? Magari hayana mwisho, watu wanalala porini. Kikombe 500, na nililipia wote mimi.

Godi 21:13
Baba mdogo alete isale, jani la kuomba msamaha, kwanza ndo tuendelee

Mama Kelvin 21:13
Isale na risiti.

Junior 21:31
Nilikuwa namsomea Bibi. Amesema niandike hivi hivi bila kupunguza:
"Baba yenu alikunywa kikombe kile akaacha vidonge vya sukari. Nyie mnadaiana chenji. Kidonda cha mguu wake nilikiosha mimi, usiku na mchana, hakuna aliyeuliza. Neema, kabichi nitalifunga, haliniumizi kitu. Lakini Alhamisi naenda hospitali, hata kwa Hiace ya kusimama."

Frank 22:10
Nimekusikia Mama. Gari liko kwa fundi. Nikilipata kesho nakuja kukuchukua.

Upendo 22:11
Ukilipata, au unalipata?

Neema 22:30
Shangazi angalia simu, nimetuma. Bibi nisamehe, nilikuwa natania. Kabichi usifunge mpaka daktari aone goti.

Upendo 22:33
Imeingia, asante mwanangu. Picha tayari. Godi, wewe hujasema unatoa nini.

Godi 22:34
Natoa kabichi

Upendo 22:34
GODI.

Godi 22:40
Basi shangazi. Kuna jamaa ana Noah pale Marangu Mtoni, nitamuuliza. Bei yake siijui.

Mama Kelvin 22:48
Mimi elfu ishirini, ila mpaka Jumamosi.

Upendo 22:49
Hospitali ni Alhamisi Mama Kelvin.

Baba Mkubwa Eliya 05:47
Bwana asifiwe. Naona ujumbe ni mwingi. Goti la nani?

Upendo 05:50
Soma juu kaka. Frank, fundi amesemaje?