Ukungu ukutani: Jik, siki au baking soda?

Mpangaji_Ngamiani
Wadau, habari za masika. Ukuta wa nyuma ya kabati umeota madoadoa meusi, na dari ya bafuni imeanza vilevile. Nguo za kabatini zinanuka uvundo hata zikitoka juani. Dukani kuna Jik, siki na baking soda. Nichukue ipi? Nina mtoto wa pumu, harufu kali naiogopa.

Mama_Pacha
Jik, dada. Kikombe kimoja kwenye lita nne za maji, pakaza, acha kama dakika kumi, sugua, suuza. Vigae vinarudi vyeupe siku hiyohiyo. Mtoto ashinde kwa jirani, madirisha wazi, glavu mkononi.

fundi_rangi
Kwa vigae sina neno. Ukuta wa plasta hapana. Klorini inaishia juu juu, ila maji yake yanazama ndani, na ukungu una nyuzi zake humo humo. Doa linapauka, unafurahi, baada ya muda linachomoza palepale. Kuta za namna hiyo ndizo ninazoitiwa kupaka upya kila mwaka. Kwenye plasta natumia siki nyeupe isiyotiwa maji, nanyunyiza, naiacha saa nzima ndipo nisugue. Na usisugue ukuta mkavu, vumbi lake litasambaa chumba kizima na mwenye pumu ndiye atakayeumia.

Kisiwani
Siki kwenye plasta ipi, fundi? Nyumba zetu za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe na chokaa. Siki ni asidi, inakula chokaa. Dondoshea kidogo uone inavyotoa povu! Terazo nayo inapoteza mng'aro. Huku tunafuta kwa maji ya sabuni, ukuta ukikauka tunapiga chokaa upya. Chokaa kibichi ni kikali, ukungu hauoti juu yake upesi, na ukuta unapumua. Wanaolia kila masika ni wale waliofunika kuta hizo kwa saruji, unyevu ukafungiwa ndani.

fundi_rangi
Hapo umenena. Mimi nasemea saruji iliyopakwa rangi. Kwenye chokaa siki isiguse.

Bwana_Haraka
Mbona mnajisumbua? Changanya Jik na siki, nguvu mara mbili.

Mama_Pacha
WEWE! Usithubutu. Inatoa gesi ya klorini, na bafu zetu zenyewe kidirisha kama cha jela. Jik haichanganywi na siki wala na dawa yenye amonia. Maji tu.

Shangazi_Nyali
Baking soda msiidharau jamani. Kwa kuua ukungu ni dhaifu, lakini harufu inaikata. Mie huweka kibakuli kabatini, na viatu vya ngozi havishiki uvundo. Mwanangu Mpangaji, hebu angalia chini ya ukuta pia. Ukiona unga mweupe, tia tone la maji. Ukiyeyuka ni chumvi, si ukungu, na hiyo haina dawa ya chupa. Ni maji yanayopanda kutoka ardhini.

Mpangaji_Ngamiani
Unga hakuna, shangazi. Ni weusi tu, tena mwingi usawa wa kiuno. Ukuta ni wa saruji, rangi ya maji. Kabati limegusa ukuta kabisa. Kidirisha cha bafuni mpangaji aliyetangulia alikiziba kwa ubao.

fundi_rangi
Ubao ung'oe leo. Kabati lisogeze mbele kiasi cha kiganja, hewa ipite. Lakini usawa wa kiuno unanitia shaka. Upande wa pili wa huo ukuta kuna nini?

Mpangaji_Ngamiani
Karo la kufulia la jirani. Bomba lake linachuruzika usiku kucha.

fundi_rangi
Basi hela ya siki mpe fundi bomba. Karo likitengenezwa, ukuta ukakauka kabisa, ndipo usafishe, kisha upake rangi. Ukipaka sasa itavimba na kubanduka.

Mama_Pacha
Na gharama abebe mwenye nyumba!

Mpangaji_Ngamiani
Nilishamwambia. Anasema ni jasho la ukuta, nifungue madirisha.