Tupeane uzoefu: usiku mtoto anachemka, ulijuaje kwamba hapa si pa kungoja asubuhi?

Mama Chausiku
Wakuu, sijalala. Mwanangu ana mwaka mmoja na miezi nane. Jana jioni alikuwa anakimbiza kuku wa jirani, saa tatu usiku nikamgusa shingoni, moto. Kipimajoto kwapani kikasoma 39.1. Nikampa panadol ya maji, nikamvua, nikakaa naye sebuleni. Saa saba joto likashuka, saa kumi likapanda tena. Baba yake anageuka upande wa pili, "meno hayo". Mama mkwe kwenye simu anataka nimfukize majani. Mimi nipo katikati na kadi ya kliniki mapajani tangu usiku wa manane. Tunangoja zahanati ifunguliwe. Mliopitia haya, nyie mnajuaje?

Kaka wa Kimara
Pole sana. Hayo meno yanasingiziwa mengi. Yanaleta udenda na kutafuna rimoti, ila 39 si ya meno, hiyo tafuta kingine.

Fundi Kipara
Wamama wa siku hizi mna hofu sana. Sisi tumelelewa na mwarobaini na maji ya kisima na tupo, tunajenga nyumba za watu.

Shangazi Mnoko
@Fundi Kipara wanaosema hivyo ni waliobaki. Muulize mama yako alizika wangapi.

Fundi Kipara
Hujafunzwa adabu.

Mke wa Mkulima
Mada hii imenirudisha mbali. Naandika mara moja tu, msiniulize maswali mengi.

Mwaka 2014, masika, tulikuwa kijijini kwa mume wangu, bonde la Kilombero. Kijana wangu alikuwa na miaka miwili na miezi mitatu. Homa siku ya kwanza, nikanunua dawa duka la dawa, vidonge vya kukatakata, sikuuliza ni vya nini. Siku ya pili akapata nafuu, akala wali kidogo. Siku ya tatu usiku nikasikia kitanda kinagonga ukuta. Nikawasha tochi. Macho yamepanda juu, mikono inarusha, povu mdomoni.

Mama mkwe alimpokonya mikononi mwangu. "Hili degedege. Hospitali hawaliwezi, akichomwa sindano anakufa." Nyumba nzima ikakubali, na mimi nilikuwa mgeni pale. Tukaenda kwa bibi mmoja nyumba ya nne. Akachoma kinyesi cha tembo kilichokauka, akamfunika mtoto kanga juu ya moshi. Mtoto akatulia. Watu wakashukuru, na mimi nikashukuru. Miaka mingi baadaye ndiyo nikaja kuelewa kwamba degedege mara nyingi hukatika lenyewe baada ya dakika chache, ufukize usifukize. Ndiyo maana bibi yule alikuwa na sifa wilaya nzima.

Asubuhi nikampa ziwa, hakushika. Nikampa maji kwa kijiko, yakatoka pembeni ya mdomo. Nikavuta kope ya chini, ndani nyeupe kama karatasi. Nikasema liwalo na liwe, nikambeba kwa baiskeli ya shemeji hadi barabarani, pale nikapata pikipiki.

Hospitali walimtoboa kidole, kipimo kikatoa mistari miwili. Sukari imeshuka. Damu nayo imeshuka hadi 3.8. Walimwekea dripu ya sukari kwanza, kisha sindano ya malaria kali, kisha damu, na aliyetoa damu ni yule yule shemeji mwenye baiskeli. Daktari hakunifokea. Aliniuliza tu, "Mara ya mwisho amekunywa kitu na kikakaa tumboni ni lini?" Sikuwa na jibu. Nilijua saa degedege lilipoanza, nilijua tulimlipa bibi shilingi ngapi, hilo sikulijua.

Yupo hai. Ana sauti nzito siku hizi, ananijibu vibaya.

Nyota ya Pwani
😭😭

Kaka wa Kimara
Nimesoma nikiwa kwenye daladala, nimepitiliza kituo.

Mwana wa Kilifi
Huku kwetu wazee wanaita nyuni, yaani ndege. Eti ndege amepita juu na kivuli chake kimemwangukia mtoto. Nyanya yangu hakukubali mtoto atoke nje magharibi. Nami nimesoma na nimehitimu, na bado jua likizama nawaita wangu ndani.

Mzee Msafi
Huyo bibi mwenye moshi alipaswa kushtakiwa.

Mke wa Mkulima
@Mzee Msafi bibi yule aliamka saa nane usiku kunifungulia mlango. Zahanati ilikuwa imefungwa na mganga wake alikuwa anaishi mjini. Shtaki wote basi.

Nesi wa Zamu ya Usiku
Mke wa Mkulima kamaliza kila kitu na hajui kama kamaliza. Swali la yule daktari ndilo sisi tunaloanza nalo. Mtoto asiyeweza kunywa wala kunyonya, anayetapika kila kinachoingia, aliyepata degedege, au aliyelegea ukimwita haangalii: huyo hangoji kuche, hata kama joto ni 37.5. Watu mnaangalia kipimajoto, sisi tunaangalia mtoto.

Njia yangu ya nyumbani ni hii. Mpe panadol, ngoja kama saa moja. Joto likishuka kidogo akaanza kudai vitu na kusumbua, pumua, nenda asubuhi. Joto likishuka na bado amelala begani kama nguo mbichi, toka.

Na mfunueni kifua! Mama analeta mtoto amefungwa sweta tatu na kofia, hajaona kwamba chini ya mbavu panabonyea kila akivuta pumzi. Mhesabie pumzi dakika nzima akiwa ametulia. Mwenye mwaka mmoja hadi mitano akifika 40 au zaidi, anahema haraka. Chini ya mwaka, kuanzia miezi miwili, ni 50.

Baba Tausi
Nesi, dozi je? Mimi natia kijiko kimoja cha chai, nikiona hashuki naongeza.

Nesi wa Zamu ya Usiku
Hapo ndipo mnapoharibu ini la mtoto. Kijiko cha nyumbani kwako si cha nyumbani kwangu. Tumia kile kikombe au bomba linalokuja na chupa. Panadol ni kwa kilo, miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo. Ile ya maji yenye 120 ndani ya ml 5, mtoto wa kilo 10 anapata ml 5, unarudia baada ya saa 6, mwisho mara nne kwa siku. Soma chupa, zipo zenye nguvu zaidi. Aspirini usimpe mtoto kabisa.

Kidume cha Tandale
Mimi wangu namtumbukiza kwenye beseni la maji ya mtungi. Dakika tano kapoa.

Shangazi Mnoko
Kapoa au kakata tamaa?

Nesi wa Zamu ya Usiku
Maji baridi yanamtetemesha, na kutetemeka kunaongeza joto ndani. Ukitaka kumpangusa, vuguvugu. Mengine ni kumvua nguo na kumnywesha mara kwa mara.

Kidume cha Tandale
Mbona watoto wangu wote watano wazima?

Shangazi Mnoko
Wanaogopa kuumwa.

Boda Mstaafu
Ngojeni niwape ya kwangu. Nilikuwa naendesha boda Mbagala. Usiku mmoja abiria wa mwisho ni mke wangu mwenyewe, ananipigia simu mtoto anarusha miguu. Nikaruka nyumbani, nikawapakia, mama kamkumbatia mtoto, kijiko cha chuma kimeshindiliwa mdomoni asijing'ate ulimi. Nikaipiga ile barabara mpaka kofia ikaniruka. Tumefika katikati, hakuna nyumba hakuna taa, pikipiki ikakohoa mara mbili ikazima. Mafuta. Siku nzima nabeba watu, nimesahau kujaza. Mke wangu akasema kwa sauti ndogo sana, "Baba, ametulia." Mimi nikaelewa ametulia kule kwingine. Nikakaa chini kwenye lami.

Narudi, bosi ananiita.

Kaka wa Kimara
MKUUUU

Baba Tausi
Hii si haki. Ikawaje?

Mzee Msafi
Hadithi hizi za kukatishwa mahali patamu nyingi ni za kutunga.

Nyota ya Pwani
Kwani ilikuwa pikipiki gani hiyo inayokunywa hivyo?

Nesi wa Zamu ya Usiku
Akiwa anarudi niseme: hakuna kijiko, hakuna kidole, hakuna limau mdomoni. Mlaze ubavu chini pasipo kitu cha kumgonga, acha mate yatoke, tazama saa. Likipita dakika tano bila kukatika, au likikatika likarudi, hiyo ni mbio. Na hata likikatika mapema, mara ya kwanza ni lazima aonwe siku hiyo hiyo.

Mama Chausiku
Jamani nimerudi. Kipimo cha malaria hakina kitu. Nilikuwa tayari kubishana nipewe dawa ya mseto, mtabibu akacheka, akamulika masikioni. Sikio la kushoto jekundu ndani. Kumbe jana alikuwa analivutavuta nikadhani anacheza. Kapewa dawa ya siku kadhaa, nimeambiwa nisikatishe akipata nafuu, na kesho kutwa nirudi kama bado ana joto. Sasa hivi anakula embe kitandani mwangu na shuka zote ni njano.

Kidume cha Tandale
Mngempa amoksilini tangu jana msingepoteza nauli.

Mama Chausiku
Na ingekuwa malaria, Kidume?

Boda Mstaafu
Nimerudi. Likaja lori la vitunguu. Dereva hakuuliza kitu, akafungua mlango. Pikipiki niliiacha pale pale, mpaka leo sijui nani anaiendesha. Tukiwa njiani mtoto akafumbua macho, akaangalia dirishani, akasema "gari". Mke wangu akaanza kulia na mimi nikaanza kulia, dereva akaongeza mwendo akidhani mambo yameharibika. Hospitali malaria hakuna, sukari nzuri, koo limevimba. Daktari akasema ni degedege la homa, linawapata watoto wa miezi sita mpaka miaka mitano, wengi wakikua linaisha. Kilichoumia sana ni jino la mbele. Kijiko.

Nyota ya Pwani
Pikipiki gani lakini?

Fundi Kipara
Nimempigia mama. Wawili, wote kabla yangu. Mmoja wa miaka miwili, homa. Sikuwahi kuuliza.

Shangazi Mnoko
@Fundi Kipara nisamehe, kaka. Nilikuwa nakurushia neno tu.

Mgeni Mpya
Samahanini, najua ni saa nane usiku. Mwanangu ana wiki sita. Joto 38.3. Hajatapika, hana degedege, ila tangu magharibi ananyonya kidogo anasinzia. Nimesoma mada yote, nimpe panadol nisubiri saa moja nione?

Nesi wa Zamu ya Usiku
Hapana. Yale niliyoyasema si ya mtoto wa wiki sita. Chini ya miezi miwili homa yenyewe ndiyo dalili ya hatari. Usimpe kitu zaidi ya ziwa, mfunge kifuani kwako, toka sasa hivi. Hospitali, si duka la dawa.

Mke wa Mkulima
Nenda mwanangu. Wasikuambie chochote hapo nyumbani.

Boda Mstaafu
Uko pande zipi? Nina vijana wanakesha kituoni, sema tu.

Mgeni Mpya
Jirani ana bajaji, ameamka. Tunatoka.

Nesi wa Zamu ya Usiku
Kadi ya kliniki umebeba?

Mgeni Mpya
Nimebeba. Pampasi ndiyo nimesahau.