Mrejesho: Baba na shida ya kumeza baada ya kiharusi
Assalamu alaikum. Niliuliza, nikiwa Wete, iwapo kuusisimua ubongo kwa sumaku au umeme hafifu kungemsaidia baba, ambaye tangu apate kiharusi alikuwa akipaliwa hata na maji. Daktari alinieleza kuwa umezaji huongozwa na pande zote mbili za ubongo, na kwamba wengi hupata nafuu pale upande uliosalimika unapochukua kazi ya ule ulioumia. Ndiyo maana baadhi ya watafiti huusisimua upande huo uliosalimika, pengine kwa umeme wa miliampia 1 au 2 tu. Majaribio, hata hivyo, hayajatoa matokeo yanayolingana, nami sikuona sababu ya kuuza mikarafuu kwa ajili ya safari ya mbali. Tumeshikilia mazoezi ya kumeza, kuketi wima na uji mzito, kijiko kwa kijiko. Juzi alimaliza bakuli bila kukohoa, ingawa tumeonywa kuwa chakula huweza kuingia mapafuni kimyakimya.