Hoteli mpya za kifahari hapa mjini Mombasa: umejenga, umelala, umefanya kazi, au wakaa nazo ukuta kwa ukuta? Tupeane uzoefu

Mwana wa Kibokoni

Salam aleikum wadau, na wengine habari zenu. Sai ukipita Ndia Kuu ama Kuze huku Mji wa Kale hukosi nyumba imezungushwa mabati na mchanga uko mlangoni, ukiuliza waambiwa hapa pataka kuwa hoteli. Na si hoteli ya mbaazi na mahamri, ni ya kulala, vyumba saba nane basi, kitanda cha samadari na bafu la vioo, hizi waziita butiki. Nlipomweleza mamangu akauliza kwani nguo zitauzwa chini watu walale juu.

Naanza mimi. Nyumba moja kati ya hizo nlisomea chuo cha Kurani pale, chumba cha chini, tulikua watoto thelathini juu ya mkeka mmoja. Mwezi uliopita nkasema hebu nkaone. Askari wa mlangoni akaniuliza nimeleta mzigo gani. Nkamwambia sina mzigo nataka kahawa, akanitazama miguuni (nlikua na makubadhi) alaf akafungua. Kile chumba cha chuo ndio risepsheni sasa. Ule msumari maalim alikua akitundika bakora bado uko ukutani, pale pale, wameutundikia kioo chenye nakshi, mi nkajiangalia kwa kioo na mgongo ukaniwasha wallahi. Kahawa shilingi 400. Nimekaa nayo dirishani namsikia muuza kahawa wa dele apita nje agonganisha vikombe vyake, yake ni kumi. Sisemi ilikua mbaya, ilikua na iliki nzuri, lakini nliinywa mbio kama nimeiba.

Haya, nyinyi je? Mazuri na mabaya yote, ila majina ya hoteli tuyaache, tusije tukaitwa na mawakili.

Fundi Chokaa

Mimi nimefanya tatu za hizo kwa mikono hii. Watu hawajui nyumba zetu zilivyo, mwenye pesa aja na picha kwa simu ataka chumba kama alichokiona nchi gani sijui, kitanda futi sita kwa sita na kochi na meza. Namwambia bosi, upana wa chumba hapa ni urefu wa boriti. Mkoko haukupi boriti ndefu, futi tisa ama kumi umeshukuru, ndio maana vyumba vya zamani vyote ni vyembamba na virefu kama behewa. Ataka nivunje ukuta wa kati aunganishe viwili. Ule ukuta ndio umebeba boriti za juu! Tulibishana siku mbili mpaka akaleta injinia, injinia akagonga gonga akasema sikiza fundi.

La pili ni saruji. Jiwe la matumbawe lavuta unyevu kutoka chini, chokaa yauacha utoke, saruji yaufungia ndani, baada ya mwaka mmoja ukuta watoa chumvi na kupukutika kama unga wa mhogo. Sasa chokaa yataka subira, twaizima na maji, twaiacha shimoni wiki kadhaa iive, alaf wapiga tabaka jembamba wangoja likauke, wapiga lingine. Huyu wa tatu alikua ashachukua bukingi za Disemba. Akaleta watu wengine wakapiga saruji na rangi ya plastiki juu usiku na mchana, Disemba ikapendeza kweli, picha zikapigwa. Ikaja masika, Aprili na Mei, kuta zikafanya malengelenge kama mtu alomwagikiwa na uji. Nkaitwa mimi. Nkamtajia bei mara tatu ya ile ya kwanza na akalipa.

Na msidhani Mji wa Kale wote ni urithi wa dunia wa UNESCO, ilioingizwa 2011 ni Fort Jesus peke yake. Lakini nyumba zetu zina ofisi ya hifadhi chini ya Makumbusho ya Taifa, hubadilishi dirisha wala roshani kabla ya kupita hapo. Wengi wajenga kwanza alaf ndio waenda kuomba.

Dada wa Tudor

Fundi umesema yote ila ngazi hukuzitaja 😅. Mi nlikua hausikiping kwa moja, mwaka na miezi miwili. Ngazi ni za mawe, nyembamba, kila moja ina urefu wake, na lifti hakuna, nyumba yenyewe utaipitisha wapi. Chumba cha juu kabisa ni ngazi 41, nimezihesabu siku nyingi sana. Shuka za kitanda kile kikubwa zikiwa mbichi ni kama kubeba mtoto wa miaka mitano.

Maji sasa. Kisiwa kizima hiki chategemea maji ya Mzima na Baricho huko mbali, yakikatwa yamekatwa, na bauza, lile lori la maji, haliingii vichochoro vile, lasimama barabarani wavuta paipu ama wanunua kwa mkokoteni, jerikeni za lita 20. Kisima cha ndani kipo lakini ni magadi, cha kusafishia sakafu tu. Na juu wameweka shawa la kumwagika kama mvua ya masika! Siku moja fungate imeingia, wageni kutoka Nairobi, bwana yuko bafuni amejaa sabuni kichwani, tanki likaisha. Bibi arusi akatoka kwa koridoo na khanga ya hoteli, dada tafadhali, dada tafadhali. Nkapanda na jerikeni, moja, mbili, ya tatu nlikua naona nyota. Wakanipa tip ngiri moja na wakaandika maoni mazuri mtandaoni, wametaja jina langu. Meneja alilichapisha akalibandika jikoni, mshahara ulibaki pale pale. Kontrakti za miezi mitatu mitatu, kila ikiisha waambiwa kaa nyumbani wiki mbili utaitwa, service charge tuliisikia tu kama hadithi. Nliondoka mwenyewe.

Zuri? Nlijifunza kazi. Kukunja taulo liwe ndovu najua, na Kiitaliano cha salamu. Na staftahi yao haikua ya mkate wa duka, mahamri yalitoka kwa mama mmoja nyumba ya tatu, kila siku arubaini, ya moto.

Mama Mahamri

Huyo wa nyumba ya tatu ni mie mwanangu, hujambo weye, umepotea. Sasa ni sitini kwa siku. Walinipiga chenga miezi miwili mwaka jana, nkaacha kupeleka siku moja tu, wageni wakauliza yako wapi yale, jioni ile ile pesa zikaingia kwa simu.

Jirani wa Baghani

Mimi yangu si ya pesa. Nyumba ya nyuma yetu ilikua ya familia tunayoijua, wakahama, ikawa hoteli, sawa, na majirani wapya tuliwapokea, hata sahani ya biriani nlipeleka siku ya kufungua. Kumbe juu ya paa wametengeneza mahali pa wageni kunywa vinywaji na kutazama jua likizama. Ua wetu sisi wanawake uko chini yake hapo hapo. Wajua nyumba za kale zilivyopangwa, hakuna dirisha laangalia ua wa mwenzio, wazee walilifikiria hilo. Tangu nizaliwe nafua na kuanika na kuchana nywele pale kichwa wazi. Jioni ya kwanza nimeinua uso naona mwanamume na kamera. Nkaingia ndani mbio, nguo zikabaki kamba.

Wiki tatu tumefulia jikoni. Mume wangu alitaka kwenda na vijana, nkamwambia ngoja. Nkaenda mie na mamangu na shangazi, watatu, na mabuibui yetu, tukaketi pale risepsheni kwenye makochi yao meupe hatusemi neno. Meneja kaja, kijana tu, shikamoo mama, niwasaidie nini. Mamangu akamwambia, twataka kupanda paani kwako tuone kile wageni wako wanachokiona. Akatupandisha. Ngazi zote zile, mamangu na magoti yake. Kufika juu dadangu yuko uani kwetu amkogesha mtoto kwa karai, aonekana mpaka sabuni. Yule kijana akageuza uso mwenyewe. Siku ya nne wakaweka uzio wa makuti upande ule, wa kuzidi kimo cha mtu. Wageni wabakiwa na upande wa bahari, kwani wamepungukiwa nini.

Tuktuk Buxton

Mimi kwa kifupi. Mgeni ashuka treni ya usiku pale Miritini, alfajiri, ana masanduku manne, ramani ya simu yamwambia hoteli iko hapa, ramani haijui kama hapa ni ndia ya miguu. Tuktuk yangu ilikwama na vioo viwili vikaenda. Siku hizi nawashusha hapo Fort Jesus nampigia mwenye mkokoteni, yeye apata mia tatu na mimi kioo changu chabaki.

Baba Changamwe

Sisi tulilala. Miaka kumi ya ndoa nkasema mke wangu naye aone. Mtandaoni bei ilikua 12,000, kufika pale waongeza VAT 16% na ushuru wa utalii 2%, ikawa 14,160, ile 2,160 ilikua pesa ya chakula cha jioni kwa hivyo tulitoka tukala viazi karai na mishkaki barabarani, na wallahi hapo ndio tulicheka zaidi. Chumba kizuri, sina neno. Kwa mto waliweka karatasi na vile vidude vya kuziba masikio, imeandikwa adhana huadhiniwa kabla ya jua. Mke wangu akauliza sasa hii ni ya kutusaidia tuamke ama tusiamke.

Mzee wa Trei

Wajukuu, mwaita mpya. Hoteli za fahari mjini zilikuwako kabla ufuo haujawa kitu. Nimeanza uweita 1974, wazee wenzangu bado Moi Avenue wakiiita Kilindini Road na Digo Road wakiiita Salim Road. Mgeni alikua mtu wa meli, hoteli lazima iwe karibu na bandari, mwatoka kazini usiku mjini kwote taa. Ndege zikaanza kuleta watu moja kwa moja, basi likawa lawapitisha mjini kama mzigo mpaka Nyali, Bamburi na Diani, kwetu waja saa moja kupiga picha zile pembe za ndovu za Moi Avenue na Fort Jesus. Alaf zikaja fujo za Likoni 1997, hata wa basi wakakatika, na sisi tukapunguzwa mmoja mmoja. Kwa hivyo mimi nikiona wageni walala tena mjini nafurahi, sitaficha.

Ila hili naomba mnielezee. Zama zetu tulivalishwa kanzu na mshipi mwekundu na kofia, ya ukoloni, na siku tulipopewa suruali na shati tulisherehekea. Juzi mjukuu wangu kapata kazi hizi hoteli za sasa, kaja kunionyesha sare. Kanzu, mshipi mwekundu na kofia. Aniambia babu ndio mtindo.

Mrithi wa Tisa

Nimesoma yote na nina swali. Nyumba ya marehemu babu iko na warithi tisa, mimi ndio mdogo, kuna mtu ataka kuikodi miaka kumi na tano aifanye hoteli ya vyumba sita. Pesa ya mwaka si haba. Ndugu saba wataka, shangazi akaa mle ndani hataki kusikia, asema atatolewa na jeneza. Na ardhi si yetu, ni nyumba bila ardhi, kodi ya kiwanja twalipia miaka yote, mwekezaji alipouliza hati ya ardhi sote tukaangaliana. Kuna aliyepita ndia hii?

Mwana wa Kibokoni

Ndugu yangu, mwenye ardhi mwingizeni kwenye mazungumzo kabla ya saini, si baada. Kwa mjombangu alijitokeza siku ya kupaka rangi, maneno yakaanza upya. Na shangazi muulizeni ataka nini, labda ataka chumba cha chini tu na mlango wake.

Fundi Chokaa

Hayo ya warithi siyajui. Lakini kabla hujamtajia mtu bei panda juu uangalie boriti za chooni, pale penye birika la maji, ndipo zaanza kuoza. Chukua msumari ama kidole tu, bonyeza karibu na ukuta.

Mrithi wa Tisa

Nimetoka huko sasa hivi fundi. Kidole kimeingia mpaka pingili ya pili. Shangazi alikua amenishikia taa, asema hilo alilijua tangu 2009, hatukumuuliza.