Mdogo wangu mjamzito, wanataka nywele zake eti wapime zebaki. Ni kweli?

MamaKulwa: Wapendwa naombeni mawazo. Mdogo wangu yuko Geita, mimba ya miezi mitano, mumewe anachenjua dhahabu kwa zebaki na kuchoma anachomea hapohapo uani. Kliniki wamemwomba aingie kwenye utafiti, watoe nywele, damu kidogo na mkojo waangalie zebaki na madini ya risasi. Mama mkwe kusikia nywele kaja juu, anasema nywele ya mjamzito haitoki nje ya nyumba. Hivi zebaki inaonekana kweli kwenye nywele au tunapigwa?

mtu_wa_maabara: Hampigwi dada. Nywele inakua kama sentimita 1 kwa mwezi na zebaki ya kwenye damu inabaki humo, so wakikata kisogoni karibu kabisa na ngozi, sentimita 3 za mwanzo ni miezi 3 iliyopita. Ila nywele inasema zaidi ile ya kwenye samaki, sangara na wenzake. Ya kuchoma dhahabu inaingia kwa pumzi, hiyo unaikuta kwenye mkojo, damu ndo ya risasi. Aseme kama kaweka dawa ya nywele, na kama anapaka mkorogo aseme pia maana krimu nyingine zina zebaki, mkojo ukipanda shemeji atalaumiwa bure 😂

Bint Nyamongo: Waulize na pemba!! Mimi mimba ya kwanza nilikuwa natafuna udongo kama karanga, nesi akiniuliza nakataa. Kumbe udongo mwingine una risasi na aseniki.

karasha4: Shemeji ahamishe moto kwanza, majibu baadae. Mvuke wa zebaki haunuki, unaweza kuuvuta bila hata kukohoa, unaganda kwenye bati na nguo, na unapita kondo la nyuma unamfikia mtoto. Kama hawezi kuacha basi anunue ritoti ile ya kunasa mvuke, na zebaki yenyewe anairudia, hasara iko wapi

MamaKulwa: Asanteni sana jamani. Pemba anakula, nimemkuta nayo kwenye pochi imefungwa na leso. Mama mkwe amelegea ila kwa sharti akate yeye nywele kwa mkono wake, inaruhusiwa??

mtu_wa_maabara: Mkasi uwe wao, mkono wa mama mkwe hauna shida 😅 Ila wafunge uzi upande uliokuwa kichwani kabla hajakata, zikigeuka hapo miezi yote imevurugika.