Kurudi Nairobi baada ya kupiga mbizi: SGR, ndege au barabara?

Mzamaji254
Wadau, habari za jioni. Kaskazi imeingia, maji ya Diani na Watamu yanaanza kuwa safi, na wengi wetu tutateremka Ijumaa usiku turudi Jumapili tuwahi kazi. Naomba tulinganishe njia za kurudi, kwa sababu safari iliyopita nilisikia watu kadhaa botini wakisema: "Mimi sipandi ndege, narudi na SGR, kwa hiyo Jumapili nazama kama kawaida."

Hilo linanitia wasiwasi. Ukizama, naitrojeni ya hewa unayovuta huingia mwilini, na ukipanda mwinuko kabla haijatoka inaweza kutengeneza mapovu na kukuumiza. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Ndani ya ndege ya abiria kanieneo ya hewa hushuka, wakati mwingine kufikia ile ya mlimani kwenye mita 2,400. Ndege inazidi mwinuko wa Nairobi, ndiyo, lakini mwongozo wa Divers Alert Network (DAN), shirika la usalama wa wazamaji, unaweka mwinuko wote wa kuanzia mita 610 hadi 2,440 hivi katika kundi moja: ukizama mara moja, subiri angalau saa 12, ukizama mara kadhaa au siku mfululizo, saa 18. Na hizo ni mbizi zisizo na vituo vya lazima vya kusimama unaporudi juu ya maji. Zenye vituo, subiri zaidi sana.

Sasa piga hesabu. Umetoka majini mara ya pili Jumapili saa sita mchana. Saa 18 zinatimia Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi. Treni ya saa nne usiku itakuwa imekushusha Syokimau, Nairobi, kabla hakujapambazuka.

Mimi naona mbizi zote ziwe Jumamosi, Jumapili tuogelee na snorkeli tu. Hapo SGR na ndege ya jioni ni sawa, kila mtu achague kwa mfuko wake.

Pwani_Tele
Ndugu, mimi hurudi na basi miaka yote na sijapatwa na chochote. Basi hupanda polepole, mwili unapata nafasi ya kutoa naitrojeni.

Muuguzi_Embakasi
Pwani_Tele, upole wa basi unasaidia kidogo, ila mwisho wa safari unalala mwinuko uleule ukiwa na naitrojeni ileile ambayo haijatoka. Mwenzetu mmoja alirudi kwa gari Jumapili. Walipofika Emali kiwiko kikaanza kumuuma, akadhani ni kubeba mitungi. Walipokaribia Mlolongo vidole viwili vilikuwa vimekufa ganzi. Hospitalini alipewa dawa ya misuli, mpaka daktari wa zamu iliyofuata alipomuuliza alikuwa wapi wikendi.

Tafadhali, ukihisi viungo kuuma, ganzi, vipele au uchovu usioelezeka baada ya kuzama, sema mapema kwamba ulikuwa chini ya maji, na uombe oksijeni ya asilimia 100. Usirudi majini ukidhani utajitibu.

Kasa_wa_SouthB
Na wanaotumia naitroksi, ile hewa ya mitungi yenye oksijeni zaidi? Niliambiwa naweza kupunguza muda wa kusubiri.

Mzamaji254
Naitroksi inapunguza naitrojeni unayoingiza, lakini muda wa kusubiri ni uleule. Ichukulie kama nyongeza ya usalama, si ruhusa ya kuondoka mapema.

Njia_ya_Mombasa
Vipi kulala Voi? Iko karibu mita 600 tu. Nazama Jumapili asubuhi, nalala Voi, naendelea Jumatatu.

Muuguzi_Embakasi
Ni afadhali kuliko kuja moja kwa moja, lakini kama usiku unalipia chumba, kilipie hukohuko pwani. Usawa wa bahari ndipo mwili unapotoa naitrojeni bila kusukumwa. Halafu Voi ukiamka saa kumi alfajiri uwahi ofisi, huenda saa 18 bado hazijatimia.

Limuru_Baridi
Sisi wa Limuru tuongeze hesabu yetu, jamani. Huku ni zaidi ya mita 2,000, kwa hiyo kutoka Syokimau bado tunapanda.

Kasa_wa_SouthB
Nje kidogo ya mada: waliojifunza kwenye bwawa hapa Nairobi, msiende na hesabu ya vyuma vya uzito mliyozoea. Maji ya chumvi ni mazito kwa takriban asilimia 2.5, na mtu mwenye vifaa vyake vyote anaweza kuhitaji kilo mbili au tatu zaidi. Mtihani mzuri ni juu ya maji: jaketi la kuelea likiwa halina hewa, pumzi ya kawaida, maji yafike usawa wa macho.

Pwani_Tele
Muuguzi, nimekuelewa. Tiketi yangu ni ya Jumapili usiku, naiacha hivyohivyo, ila mbizi nahamishia Jumamosi zote mbili. Jumapili nitaenda Wasini na familia.

Mzamaji254
Vizuri sana. Basi nitamwomba nahodha tung'oe nanga saa mbili asubuhi, mbizi ya pili iishe kabla ya saa nane mchana. Nani mwingine yumo Jumamosi?